Mwenyeji ni Nani katika Masasi na Newala?

Vijana hutuuliza: katika nchi ya Masasi na Newala, ni nani mwenyeji na ni nani mgeni? Mmakonde ana jibu lake. Mmakua, Myao na Mmwera nao wana yao. Basi na tutazame habari za wazee kabla ya kutoa hukumu.

Uwanda wa Makonde umeinuka kaskazini ya mto Ruvuma. Juu yake hapana kijito, maana udongo hunyonya mvua yote. Zamani wanawake waliteremka bondeni alfajiri, wakapanda tena na mitungi kichwani. Mbona watu walichagua kukaa mbali na maji? Ni kwa kuwa penye maji palikuwa na njia, na njiani walipita wakamata watumwa na majeshi. Vichaka vizito vya uwandani vilikuwa boma la wanyonge. Wamakonde wenyewe husimulia kwamba wazee wao walipanda kutoka upande wa Ruvuma. Wamakua na Wayao nao walivuka mto huo huo, wakakaa zaidi katika nchi ya chini.

Makabila haya yalihesabu ukoo kwa mama, na mjomba ndiye aliyekuwa na neno. Kwa hiyo mume aliyetoka kabila jingine hakuvunja ukoo, kwa maana watoto walikuwa wa upande wa mama yao. Hivyo ndivyo wageni walivyogeuka jamaa.

Lakini mwaka 1876 walifika watu wa namna nyingine. Askofu Edward Steere aliwaleta kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani. Nia yake ilikuwa kufika Ziwa Nyasa, walakini walipoiona Masasi, chini ya milima yake ya mawe, walipenda kukaa papo hapo. Wengi wao walikuwa wamenyakuliwa utotoni. Mtu asiyemjua mjomba wake ahesabiwe wa ukoo gani? Hao walijenga nyumba, wakalima, wakawa kijiji kimoja kwa imani, si kwa damu.

Mwaka 1882 Wagwangwara, yaani Wangoni, waliwashambulia. Wengine waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka, hata watu waliokwisha kuonja uhuru wakarudi kifungoni. Misioni ikahamia Newala, karibu na Matola, mkuu wa Wayao, aliyewapokea. Hapo twaona jambo la kukumbukwa: aliyewapa wakimbizi mahali hakuwa wa kabila lao. Wala msiba haukuishia hapo. Katika vita vya Majimaji mwaka 1905 misioni ya Masasi iliteketezwa, ikajengwa tena. Na mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi, askofu wake wa kwanza akiwa Vincent Lucas.

Katikati ya mambo hayo, mwaka 1886, Wadachi na Wareno walipatana Ulaya kwamba Ruvuma iwe mpaka wao. Ndugu wa ukoo mmoja wakalala jioni ni jamaa, wakaamka raia wa serikali mbili. Hata hivyo mitumbwi haikukoma kuvuka. Waliokuja baadaye kutoka ng'ambo waliitwa Wamawia, na jina hilo mara nyingi lilitamkwa kwa dharau, hata na watu ambao babu zao walivuka mto ule ule. Tena vita vya uhuru wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964, wakimbizi walivuka kwa wingi. Wengi wakarudi kwao nchi yao ilipopata uhuru mwaka 1975, wengine wakabaki. Mwaka 2010 Daraja la Umoja likafunguliwa huko Mtambaswala, na njia ya wazee sasa yapitwa na magari.

Basi jibu letu kwa vijana ni hili: wenyeji wa nchi hii ni wageni waliotangulia kufika. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Anayemdharau mwenziwe kwa kuvuka Ruvuma, na amwulize kwanza bibi yake alikotoka.