Kazi ya mchimbaji: kutoka Gogo hadi darasani

Mpwa wangu amepata nafasi ya kusoma akiolojia chuo kikuu, na babake hataki kusikia. "Mtoto wa kike akachimbe mifupa?" Shemeji aliniuliza barazani mbele ya watu. Sikumjibu pale pale. Lakini niliwahi kutembea Migori na Homa Bay, na nilikumbuka kazi ya mtu mmoja, Karega-Munene.

Sisi wa Pwani tukisikia akiolojia twafikiria Gede, Fort Jesus, labda Shanga. Bara nako kuna mambo. Migori kuna Thimlich Ohinga, kuta za mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo, nyingine zinapita mita 4 kwenda juu. Sisi wenye majengo ya matumbawe na chokaa tungekwenda kuangalia ufundi huo. UNESCO iliziingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Homa Bay kuna Nyayanga, ambako zana za mawe na mifupa ya viboko iliyochinjwa kwa zana hizo ina umri wa zaidi ya miaka milioni 2.5.

Karega-Munene alichimba Gogo, kwenye maporomoko ya Mto Kuja, Migori. Peter Robertshaw alikuwa ameshachimba hapo mwaka 1983. Kilichotoka ardhini si dhahabu. Ni vigae, mifupa ya samaki na wanyama wa porini, ikichanganyika na ya ng'ombe na mbuzi, pamoja na vipande vya obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Obsidiani hiyo ilitoka upande wa Naivasha, karibu kilomita 200, takriban miaka 2,000 iliyopita. Basi watu wa ziwa nao walikuwa na njia zao za biashara, kama sisi na majahazi yetu.

Kutokana na kazi hiyo alipata shahada ya uzamifu Cambridge, na mwaka 2002 kikatoka kitabu. Ndani yake anaonyesha kwamba ufugaji haukuja siku moja ukafuta uvuvi na uwindaji. Watu waliendelea kuvua na kuwinda huku wakifuga. Jambo hilo halionekani kwa jembe, huonekana mezani, mfupa mmoja mmoja unapooshwa, kutajwa ni wa mnyama gani, kuandikwa namba na kuhesabiwa. Shemeji anadhani kazi ni kuchimba. Kuchimba ni wiki chache, kuchambua ni miaka.

Alikuwa mkuu wa idara ya akiolojia katika Makumbusho ya Taifa, kisha akaenda kufundisha chuo kikuu cha USIU, Nairobi. Simiyu Wandibba naye, aliyeandika ripoti ya awali ya Thimlich Ohinga mwaka 1986, alitoka Makumbusho akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Mimi lililonivutia zaidi ni alilofanya Karega-Munene akiwa mwalimu. Aliyageukia makumbusho yenyewe: mwaka 2011 aliandika jinsi makumbusho ya Kenya yanavyochagua kumbukumbu za nani ziwekwe na za nani zifutwe. Si kila aliyewahi kushika funguo za stoo huuliza swali hilo. Na linatuhusu. Kwa sheria ya mwaka 2006 hakuna anayechimba bila leseni, na kinachopatikana ni mali ya serikali. Kigae cha Pwani kikifika stoo ya Nairobi, atakayekieleza ni yule aliyesomea kukisoma. Mbona asiwe mtoto wetu?

Haya yote nilimwambia shemeji. Akaniuliza mshahara. Sikumdanganya: nafasi za makumbusho ni chache, na anayeingia huanzia chini, mara nyingi kwa kibarua cha msimu wa uchimbaji.

Mpwa wangu alikuwa kimya muda wote. Kisha akasema, "Mjomba, hata nikipewa kuosha vigae tu, nitaosha."

Barua ya chuo bado iko mezani kwa babake.