Mchezo wa jiokashi: Jinsi ya kuficha na kutafuta kasha bila kuzua taharuki

Julai 2011, mji mdogo wa Wetherby, kaskazini mwa England. Mtu mmoja anaonekana nje ya mkahawa akihangaika na kijisanduku. Anakiacha pale, anaondoka zake. Aliyemwona anaingiwa na hofu, anapiga simu polisi. Barabara inafungwa, wataalamu wa kutegua mabomu wa jeshi wanaitwa na kijisanduku kinalipuliwa.

Kumbe halikuwa bomu. Lilikuwa kasha la mchezo uitwao jiokashi, ambao una wachezaji karibu kila pembe ya dunia, Kenya na Tanzania zikiwemo.

Hakuna aliyeumia siku hiyo. Lakini tukio lile linaonyesha kwa nini mchezo huu una kanuni nyingi hivyo. Kila kasha linagusa watu watatu: aliyelificha, anayelitafuta, na mpita njia asiyejua lolote. Kanuni nyingi zimewekwa kwa ajili ya huyo wa tatu.

Jiokashi ni nini hasa?

Ni mchezo wa kuficha na kutafuta kwa msaada wa satelaiti. Mtu anaficha chombo chenye daftari ndani, kisha anatangaza kwenye intaneti latitudo na longitudo ya mahali kilipo. Wengine wanakifuata kwa simu janja au kifaa cha GPS. Anayekipata anasaini daftari, anakirudisha palepale, halafu anaandika kwenye mtandao kwamba amekipata.

Ulianza Mei 2000. Kabla ya hapo, Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi usahihi wa GPS kwa raia wa kawaida, na kifaa kingeweza kukosea hata kwa mita 100. Rais Bill Clinton aliamuru jambo hilo likome. Siku hizohizo Dave Ulmer, mkazi wa jimbo la Oregon, alificha ndoo porini na kuwatangazia wenzake mahali ilipo. Ndani yake kulikuwa na vitu mbalimbali, likiwemo kopo la maharagwe.

Kopo hilo leo lisingeruhusiwa. Chakula hakiwekwi kwenye kasha, maana harufu yake huvuta wanyama.

Je, unaweza kuficha kasha popote?

Hapana. Jambo la kwanza ni ruhusa ya mwenye eneo. Ukutani kwa duka, muulize mwenye duka. Shambani, muulize mwenye shamba. Kwenye uwanja wa umma, mamlaka inayousimamia.

Ndani ya hifadhi ya taifa, mwenye kauli ni mamlaka ya hifadhi: TANAPA kwa Tanzania, KWS kwa Kenya. Mwongoza watalii akikwambia "weka tu, hakuna shida", hiyo si ruhusa.

Kwa maeneo kama hayo kuna aina ya jiokashi isiyo na chombo kabisa, iliyoanza mwaka 2004. Mchezaji anafika kwenye mwamba, pango au volkano, anajibu maswali kuhusu jiolojia ya mahali hapo na kumtumia majibu aliyeyatunga. Hakuna kinachoachwa nyuma.

Maeneo ya kuepuka ni yapi?

Kambi za jeshi, viwanja vya ndege, reli, shule na majengo ya serikali. Hapo mtu anayechungulia chini ya benchi hatachukuliwa kuwa anacheza. Katika jiji kama Nairobi, ambako mkoba wako unakaguliwa mlangoni mwa maduka makubwa, chombo kisicho na mwenyewe kinaweza kusimamisha shughuli za watu wengi kwa saa kadhaa.

Makaburi na nyumba za ibada yanahitaji busara zaidi. Hata ukipewa ruhusa, jiulize mfiwa atajisikiaje akimkuta mgeni anapekua pekua karibu na kaburi la mzazi wake.

Kuchimba shimo nako hakuruhusiwi bila ridhaa ya wazi ya mwenye ardhi. Kupigilia misumari kwenye mti ni kuharibu.

Chombo kiweje?

Kisivuje. Daftari likilowa, mchezo umeishia hapo. Kopo la chakula lenye mfuniko wa kubana linafaa kuliko chupa ya chumvi. Kuna makasha madogo ya chini ya mililita 100 yanayobeba kikaratasi tu, na kuna makubwa ya zaidi ya lita 20.

Kwa nje, andika wazi kuwa hilo ni kasha la jiokashi, pamoja na namba yake ya usajili. Kwa ndani, weka kikaratasi kinachoeleza mchezo kwa lugha ya wenyeji, ili atakayelikuta kwa bahati ajue ni nini. Usitumie chombo kinachofanana na bomu, wala bomba lililozibwa pande zote mbili.

Vitu vya kubadilishana viwe salama kwa mtoto. Visu, viberiti, fataki, pombe na dawa haviruhusiwi.

Kwa nini kasha jipya linaweza kukataliwa?

Kwenye mtandao mkubwa wa mchezo huu, kila kasha jipya hupitiwa na mhakiki wa kujitolea kabla ya kutangazwa. Sababu moja ya kukataliwa ni umbali: vyombo viwili vinatakiwa viachane kwa angalau mita 161.

Sababu nyingine inawahusu sana watalii. Mtu anafika Zanzibar kwa wiki moja, anaficha kasha ufukweni, kesho yake anapanda ndege kurudi kwao. Likipasuka nani atalitengeneza? Likisombwa na maji nani ataondoa takataka? Ndiyo maana asiyeishi karibu hutakiwa kuwa na mwenyeji aliyekubali kulitunza. Kasha lisilo na mtunzaji hatimaye hufutwa kwenye orodha.

Simu inasema umefika, lakini huoni kitu. Ufanye nini?

Simu janja nyingi, mahali penye anga wazi, hukosea kwa takriban mita 5. Chini ya miti minene au kati ya maghorofa makosa huongezeka. Na vipimo vya mfichaji navyo vinaweza kuwa na kosa lake.

Kwa hiyo ukikaribia, weka simu mfukoni na utumie macho. Tafuta kisicho cha kawaida: jiwe lililokaa vibaya, rundo la vijiti vilivyopangwa. Usibomoe ukuta wala kung'oa maua. Kasha lililofichwa kwa haki halihitaji uharibifu kulipata.

Usiingize mkono kwenye tundu usiloliona ndani. Chokonoa kwanza kwa kijiti. Nyoka, nge na nyuki hawajui kama unacheza.

Usipolipata, andika hivyo kwenye mtandao. Si aibu. Watu kadhaa wakiandika "sikupata", mwenye kasha anajua pengine limepotea. Kosa ni kuweka chombo kingine badala yake bila kumuuliza, kisha ukajihesabia ushindi.

Adabu baada ya kulipata

• Saini daftari. Bila jina lako humo, mwenye kasha ana haki ya kufuta dai lako mtandaoni.

• Ukichukua kitu, acha cha thamani sawa au zaidi. Huna kitu? Saini tu.

• Kitu chenye kibati cha namba si zawadi. Hicho ni msafiri, hutoka kasha moja hadi jingine. Ukikichukua, kipeleke mbele na uandike umekiacha wapi. Usiweke picha ya namba yake hadharani, kwa kuwa namba hiyo ni uthibitisho kwamba mtu amekishika kweli.

• Rudisha kasha palepale, limefunikwa vilevile. Usilihamishe kwa sababu wewe umeona mahali bora.

• Usiweke picha inayoonyesha maficho. Wenzako nao wanataka kutafuta.

• Njiani, okota takataka. Tangu mwaka 2002 wachezaji wamekuwa na desturi ya kukutana kusafisha maeneo wanayochezea.

Vipi watu wakikuangalia?

Kwanza subiri. Kaa kwenye benchi, piga simu, waache wapite. Ukilitoa kasha mbele ya watoto wanaochungulia, kesho huenda lisiwepo.

Lakini akija mlinzi, polisi au mwenyeji na kuuliza unafanya nini, usikimbie na usitunge uongo. Msalimie, mweleze, mwonyeshe ukurasa wa kasha kwenye simu. Akikutaka uondoke, ondoka. Kisha mjulishe mwenye kasha, maana huenda ruhusa yake imekwisha au haikuwahi kuwepo.

Kijijini, kupiga hodi nyumba ya jirani kabla ya kuanza kuzunguka vichakani huokoa maelezo marefu baadaye.

Namba 1 hadi 5 zina maana gani?

Kila kasha lina alama mbili. Ya kwanza ni ugumu wa kulipata, ya pili ni ugumu wa njia. Njia ya 1 inapitika hata kwa kiti cha magurudumu. Njia ya 5 huhitaji vifaa maalumu, kama mashua au kamba za kupandia miamba.

Zisome kabla ya kutoka nyumbani, hasa ukiwa na watoto. Lakini jua pia kwamba namba haijui hali ya hewa ya leo.

Juni 2018, mjini Prague, watu wanne waliingia kwenye handaki la maji chini ya ardhi wakitafuta kasha. Mvua kubwa ikanyesha, maji yakajaa na kuwasomba. Wawili walifariki.

Korongo lililo kavu asubuhi, magema ya pwani wakati maji yanajaa, mto wakati wa masika: vyote vina hatari hiyohiyo. Mwambie mtu unakokwenda, angalia utabiri, chaji simu. Na ukiona mambo si mambo, geuza. Kasha litakuwepo wiki ijayo.