Aliyeiona Kilwa Akafika Granada

Wapenzi wa historia ya pwani yetu humtaja Ibn Battuta kana kwamba safari yake iliishia Kilwa. Alipita Mogadishu, akalala usiku mmoja Mombasa, akafika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji na ukarimu wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, kisha akashika njia ya Uarabuni. Nasi tukaagana naye hapo. Katika makala haya nataka kumfuata hadi ufukwe wa kusini wa Hispania, miaka 19 baadaye, kwa kuwa huko ndiko alikokutana na mtu ambaye, bila kalamu yake, huenda tusingesoma hata mstari mmoja kuhusu Kilwa ile.

Alivuka mlangobahari kutoka Ceuta mwaka 1350. Alikuwa na umri wa miaka 46, amekwisha kuiona India na China, na alikuwa amerudi Morocco na kupewa habari njiani kwamba mama yake amefariki kwa tauni. Tauni hiyohiyo ndiyo iliyomwua Mfalme Alfonso XI wa Castilla mwezi Machi mwaka ule, akiwa ameuzingira mji wa Gibraltar. Kwa hiyo msafiri wetu alitia mguu kwenye ngome iliyookolewa na maradhi. Jina la mahali penyewe halimhitaji Mswahili mkalimani: Gibraltar ni *Jabal Tariq*, jabali la Tariq, na jabali kweli, mwamba uliosimama wima baharini.

Hakuwa na msafara wa kifalme wala barua ya mjumbe. Alikwenda kama mtu binafsi, akitegemea jamaa, masheikh na bahati. Ronda alikaa siku tano. Kadhi wa mji alikuwa binamu yake. Kutoka huko akateremka Marbella, mji mdogo wa pwani wenye chakula tele, na hapo ndipo ilipotokea habari ambayo mimi huiona kuwa bora kuliko zote alizosimulia kuhusu Andalusia.

Aliwakuta wapanda farasi 12 wanaokwenda Málaga, akataka kufuatana nao, lakini wakamtangulia. Naye akafuata nyuma na wenzake. Alipofika mipaka ya ngome ya Suhayl, akiwa amewatangulia kidogo wenzake, aliona farasi amekufa mtaroni. Akasonga mbele, akaona tenga la samaki limetupwa chini. Hakuona mtu. Moyo ukamwambia kuna jambo, akarudi kwa wenzake, na hapo akamkuta mkuu wa ngome, aliyemweleza yaliyotokea: merikebu nne za adui zilikuwa zimetokeza, baadhi ya watu wake wakashuka nchi kavu, na mlinzi hakuwapo mnarani. Katika wale 12, mmoja aliuawa, mmoja aliponyoka, 10 wakatekwa. Mvuvi mwenye tenga aliuawa pamoja nao.

Jina la mvuvi hatulijui. Ila naomba msomaji atazame jinsi msafiri anavyotufikisha kwenye kifo chake: kwanza farasi, kisha tenga, kisha kimya cha ufukwe. Anaweka mbele yetu vitu kwa mpangilio ule alioviona, bila kutuambia tuhuzunike. Suhayl, kwa bahati, ni jina la nyota, ile ambayo mabaharia wetu wa kale waliiita suheli na kwayo wakautambua upande wa kusini. Ngome ingalipo, katika mji wa leo wa Fuengirola, na anayetaka kupita njia ile peke yake atapanda treni ya abiria inayokwenda Málaga kando ya hoteli za watalii. Akichungulia dirishani, akumbuke kwamba safari iyo hiyo ilihitaji ulinzi: Ibn Battuta alilala ngomeni, na kesho yake mkuu wa ngome akampeleka mwenyewe.

Málaga alimkuta kadhi ameketi katika msikiti mkuu pamoja na wanazuoni na wakubwa wa mji, wakichanga fedha za kuwakomboa wale mateka 10. Aliwasimulia jinsi alivyonusurika, na wote wakastaajabu. Kisha, kama kawaida yake, akageukia matunda: zabibu za bei ndogo, makomamanga mekundu kama yakuti, tini na lozi zinazosafirishwa hadi nchi za mbali, na vyombo vya udongo vilivyonakshiwa dhahabu. Anautaja pia uwanja wa msikiti uliopandwa michungwa. Msikiti umeondoka na mahali pake pana kanisa kuu, lakini ubavuni mwake pamebaki bustani ambayo watu wa Málaga bado huiita Uwanja wa Michungwa.

Nikiwa mpenzi wa maneno, siwezi kupita hapa bila kusimama. Kadhi yule, kwa Kihispania, amebaki katika neno *alcalde*, ambalo siku hizi ni meya wa mji. Sukari ni *azúcar*. Tasa, chombo chetu cha shaba, kwao ni *taza*, kikombe. Zeituni ni *aceituna*. Na Alhama, mji wa chemchemi ya maji moto aliopitia baada ya Vélez, umetoka katika shina lilelile lililotupa hamamu, lile ambalo Mzanzibari hulitamka kila akipita mtaa wa Hamamni. Sidai kwamba maneno haya yalitoka kwao kuja kwetu, au kinyume chake. Yalitoka chimbuko moja, yakashukia fukwe mbili zisizojuana, na mtu mmoja akazipita zote mbili kwa miguu yake. Ni yeye huyo aliyelionja Mombasa tunda dogo tamu, bila shaka zambarau, na alipotaka kulieleza kwa watu wa kwao akalifananisha na zeituni.

Granada hakumwona Sultani Yusuf I, aliyekuwa mgonjwa. Mama wa sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Alikutana na mafakiri waliotoka Samarkand, Tabriz, Konya na India, wakafanya makazi huko. Na katika bustani ya mwanachuoni mmoja alikaa siku mbili na usiku mmoja akiwasimulia wenyeji safari zake. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo kijana wa miaka isiyozidi 30, mshairi na katibu, Muhammad Ibn Juzayy. Kijana huyu mwenyewe ameandika kwamba alikuwapo bustanini, na kwamba aliyanukuu kutoka kinywani mwa mgeni majina ya watu mashuhuri aliokutana nao.

Miaka michache baadaye wawili hawa walikutana tena Fez. Ibn Juzayy alikuwa ameacha utumishi wa Granada na kuingia kwa Sultani Abu Inan, ambaye aliamuru safari zile ziandikwe. Mzee akasimulia, mshairi akaandika, na kitabu kikakamilika Desemba 1355.

Tangu hapo wanazuoni wamekuwa na shida ya kumtenganisha msimulizi na mwandishi. Ibn Juzayy alikuwa fundi wa lugha aliyeipenda kazi yake kupita kiasi. Kila mji wenye sifa aliutilia mashairi: Baghdad, Damascus, Granada yake mwenyewe, hata tini za Málaga zilipata beti zake. Maelezo mengi ya Damascus na Makka yamechukuliwa karibu neno kwa neno katika kitabu cha Ibn Jubayr, msafiri mzaliwa wa Valencia wa karne ya 12. Kilwa haikupata shairi hata moja. Hapakuwa na mshairi wa Andalusia aliyeijua, wala kitabu cha kunakiliwa. Wengine wameuona upungufu huo kuwa dharau. Mimi nauona kuwa neema: pale ambapo katibu hakuwa na pambo la kuongeza, tunamsikia mzee mwenyewe, kama tunavyomsikia katika habari ya tenga la samaki.

Lakini neema hiyo ina mwiba. Matini yaliyochapishwa yanasema kwamba Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, na papo hapo kwamba nyumba zake ni za miti, zimeezekwa kwa majani. Nasi tunajua kwamba Sultani aliyempokea ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, jumba la mawe ya matumbawe lenye vyumba takriban 100 na birika la pembe nane juu ya jabali la bahari, lililofukuliwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960. Je, mzee alisahau? Alikuwa akisimulia baada ya miaka 24, na anakiri kwamba baadhi ya maandishi yake aliporwa na maharamia wa bahari ya Hindi. Je, katibu alisikia vibaya? Au Kilwa ya watu wa kawaida ilikuwa kweli ya miti na makuti, na jumba la mawe lilisimama mbali nayo?

Hili la tatu ndilo ninaloelekea kuliamini, na sababu yangu iko Granada. Yusuf I alikuwa amekamilisha Lango la Haki la Alhambra mwaka 1348, na jumba lote lilimwangalia msafiri kutoka juu ya kilima. Kitabu hakilielezi. Kinaeleza mto Genil, mabustani, mafakiri na dinari za mama wa sultani. Ibn Battuta hakuwa mtu wa majengo. Alikumbuka nani alimkirimu, nani alimnyima, na chakula kilikuwaje. Ndiyo maana sehemu kubwa ya habari zake za Kilwa si mji, bali ni Sultani aliyevua nguo zake akampa fakiri kutoka Yemen aliyeziomba.

Ibn Juzayy, ambaye baba yake aliuawa katika vita vya Tarifa mwaka 1340, hakurudi kuishi Granada. Alifia Fez muda mfupi baada ya kukimaliza kitabu, angali kijana. Karatasi ya majina aliyoiandika bustanini haikubaki, na kama jina la al-Hasan bin Sulaiman lilikuwamo, hapo ndipo lilipoandikwa Ulaya kwa wino wa mshairi, wenyeji wakila zabibu na kumsikiliza mgeni.