Kuanza yoga: mambo ya kujua mbele ya somo la kwanza

Yoga ni mazoezi ya mwili na ya pumzi yaliyotoka India. Haiombi mashini, viatu wala kiwanja kikubwa: kirago na nafasi ya kulala inatosha. Lakini mwenye kuanza vibaya anaweza kuumia mgongo, shingo ao magoti, na mwenye kuangukia kwa mwalimu asiyefaa anaweza kurudi nyumbani na woga kuliko ule alienda nao. Haya ni mambo ya lazima kwa mtu ambaye hajafanya hata siku moja.

Yoga ilitoka wapi?

Neno yoga ni la Kisanskriti, lugha ya zamani ya India, na linahusu kuunganisha. Maandiko ya zamani, sawa vile Yoga Sutra ya Patanjali, yanasema zaidi juu ya kutuliza mawazo. Kunyoosha mwili ni jambo dogo humo. Mazoezi ya leo, yenye misimamo mingi inayofuatana, yalipata nguvu katika karne ya 20. Tirumalai Krishnamacharya (1888–1989) aliyafundisha mu mji wa Mysore katika miaka ya 1930. Mwanafunzi wake B.K.S. Iyengar (1918–2014), aliyekuwa mtoto wa kugonjwa-gonjwa, alileta matumizi ya viti, mikanda na vipande vya mbao ili hata mtu mwenye mwili mgumu aweze kufanya.

Mwezi wa Desemba 2014, ONU ilichagua tarehe 21 Juni kuwa Siku ya kimataifa ya yoga. Mjini Goma, wanajeshi wa India wa MONUSCO wamekwisha kuisherehekea siku hiyo, na ndiyo maana wakaaji wengine wanaona yoga kuwa "mambo ya Wahindi" tu. Lakini jirani, mjini Nairobi, vijana wa mitaa ya kawaida wamefundishwa kuwa walimu wa yoga tangu 2007 kupitia Africa Yoga Project.

Je, ni dini?

Swali hili linarudi kila mara, na halifai kuchekwa. Yoga ilizaliwa katika mazingira ya dini za India, na walimu wengine bado wanaanza somo kwa sala ao kwa kutamka "om". Walimu wengine wanafundisha mwili na pumzi tu, bila neno lolote la dini. Ni vile inavyofanyika mu hospitali na mu vyumba vingi vya sipori. Mkristo ao Muislamu mwenye mashaka ana haki ya kuuliza mbele ya kulipa: somo linaanza namna gani, kuko maneno gani ya kutamka? Akisikia jambo lisiloendana na imani yake, anaweza kukaa kimya wakati huo ao kutafuta mwalimu mwingine. Mwalimu mzuri hakasiriki kwa swali hilo.

Inasaidia nini, na haisaidii nini?

Mashariki mwa Kongo migongo inabeba mengi: makala, mihogo, vidumu vya maji, mizigo ya kushikwa kwa mkanda wa kichwani. Motari naye anakaa juu ya moto siku nzima mu barabara ya mashimo. Kwa maumivu ya kiuno yanayodumu, American College of Physicians, shirika la waganga wa Marekani, mwaka 2017 liliweka yoga kati ya mambo ya kujaribu kwanza mbele ya dawa. Faida si kubwa sana kwa kila mtu, na haiji kwa siku mbili.

Kuko pia vidonda visivyoonekana. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2014 Marekani, chini ya uongozi wa Bessel van der Kolk, ulifuata wanawake 64 waliobaki na mshtuko mzito ambao matibabu mengine hayakuumaliza. Kundi moja lilifanya yoga saa moja kwa juma, majuma 10. Lingine lilipata mafundisho ya afya. Mwishoni, katika kundi la yoga wanawake 16 kati ya 31 hawakuhesabika tena kuwa na ugonjwa huo. Katika lingine ni 6 kati ya 29. Ni uchunguzi mdogo, na yoga ile ilikuwa ya aina ya pekee: hakuna kuamriwa, hakuna kuguswa kwa kushtukiza, kila mmoja anachagua afanye ao aache.

Yoga haitibu malaria, sukari ao tansio. Mtu asiache dawa yake juu ya yoga, hata kama mwalimu anamwambia vile. Mwalimu anayeahidi kuponyesha kila ugonjwa ni wa kukimbia.

Nani aone munganga kwanza?

Watu hawa waongee na munganga ao na kine mbele ya kuanza:

- mwenye tansio ya juu, ugonjwa wa moyo ao wa macho wa glakoma, kwa sababu misimamo ya kuinamisha kichwa inaweza kumdhuru;
- mama mwenye mimba, ao aliyejifungua karibuni;
- aliyepasuliwa, mwenye kidonda cha risasi ao mfupa uliovunjika zamani;
- mama aliyetibiwa fistula ao mwenye kizazi kilichoshuka;
- mwenye maumivu yanayotoka kiunoni hadi mguuni pamoja na ganzi.

Mtu ambaye miguu inapoteza nguvu ghafla, ao anashindwa kuzuia mkojo ao choo, asiende kwenye yoga: aende hospitali siku ile ile.

Kuchagua mwalimu

Pa kuulizia ni mu vyumba vya sipori na kwa makine wa hospitali. Walimu wengi wanaonyesha cheti cha masaa 200 ya mafunzo. Cheti kinasaidia, lakini hakitoshi. Mwenye kuanza aombe kutazama somo moja, halafu aangalie mambo haya:

- Mwalimu anawauliza wapya habari za ugonjwa na vidonda?
- Anaonyesha namna nyepesi kwa asiyeweza, ao anawasukuma wote walingane na mwenye mwili laini?
- Anaomba ruhusa mbele ya kumgusa mtu?
- Mtu akikataa, anamuacha kwa amani?

Jambo la kugusa lina uzito. Walimu wengine wanasogeza mwili wa mwanafunzi kwa mikono yao. Kwa mama ao msichana aliyeteswa, hata kwa mwanaume aliyepigwa, mkono unaotoka nyuma wakati amefunga macho unaweza kurudisha yote. Kusema "hapana, usiniguse" ni haki, na hakuombi maelezo. Kufunga macho pia si lazima: mtu anaweza kutazama chini. Anaweza kukaa karibu na mlango, na kutoka wakati anapotaka. Wamama wanaweza kuomba somo lao peke yao. Somo la mtu mmoja na mwalimu mu nyumba iliyofungwa si mwanzo mzuri kwa wasiojuana.

Bei ijulikane mbele, kwa somo ao kwa mwezi, na mwenye kuanza asilipe miezi mingi kwa mara moja.

Siku ya kwanza

Ni vizuri kupitisha masaa mawili ao matatu tangu chakula kizito. Nguo ziwe pana ao za kunyooka. Mama anaweza kuvaa suruali ya sipori na kujifunga kikwembe juu yake. Miguu iko wazi, kwa sababu soksi zinateleza. Asiye na kirago cha yoga atumie kile cha kawaida juu ya sakafu isiyoteleza, na kikwembe kilichokunjwa chini ya magoti.

Kwa kawaida somo linaanza kwa pumzi, kupitia puani, pole pole. Kisha yanakuja mambo sawa haya: kusimama wima, uzito sawa kwa miguu yote miwili, kupiga magoti na kuweka mikono chini, mgongo ukiinuka sawa paka na kushuka, kukaa juu ya visigino na kuinamisha paji chini, unaoitwa msimamo wa mtoto, kulala tumbo na kuinua kifua kidogo sawa nyoka. Mwishoni watu wanalala chali dakika chache. Kwa Kisanskriti msimamo huo unaitwa wa maiti, na jina hilo linaogopesha wengine. Ni kupumzika tu. Asiyependa kulala chali mbele ya watu anaweza kulala ubavu ao kukaa.

Kusimama kwa kichwa si kazi ya mwenye kuanza. Wamama wanaobeba kwa mkanda wa kichwani tayari shingo zao zimechoka, wasijaribu kabisa.

Pumzi inaonyesha kipimo. Ikikatika, ao mtu akianza kuizuia ili avumilie, amepita nguvu zake: arudi nyuma kidogo. Kuvutika kwa nyama za mwili ni kawaida. Maumivu ya kuchoma, ya ndani ya goti ao ya shingo, ganzi ao kizunguzungu, ni alama ya kuacha pale pale. Kuumwa kidogo siku mbili kisha somo la kwanza hakuogopeshi.

Baadaye

Masomo mawili kwa juma yanatosha kwa miezi ya kwanza. Siku zingine, dakika 15 mu nyumba zinasaidia kuliko masaa mawili mara moja kwa mwezi. Anayejifunza kwa video za simu achague zile za wanaoanza, na kwanza apitie misimamo na mtu anayejua, juu video haioni goti lililopinda vibaya. Kisha majuma sita ao nane, ajiulize: analala vizuri zaidi, kiuno kimepunguza kuuma? Kama hakuna kilichobadilika ao maumivu yameongezeka, aache na aende kwa munganga.