Mkwaruzo na mvumo

Santuri ikitoa sauti mbaya, wengi husema tu "inakwaruza". Neno hilo libaki kwa sindano. Vumbi hujaa katika mifereji ya santuri na kung'ang'ania ncha ya sindano. Au sindano yenyewe imelika. Santuri za enzi ya mwimbaji Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, zina mifereji mipana, kwa hiyo sindano nyembamba ya siku hizi huzama humo na kukwaruza hata santuri ikiwa safi. Ngurumo nzito isiyokoma, hata sahani inayozungusha santuri ikisimama, ni mvumo. Hapo kagua waya wa ethi unaoingia kwenye amplifaya. Ukienda kwa fundi, mtajie neno sahihi.