Jiwe Lililotulia Mbele ya Kamera

Mwaka 1858 Kapteni Linnaeus Tripe, mpigapicha wa serikali ya Madras, aliingia na kamera yake katika hekalu la Meenakshi, mjini Madurai, kusini mwa India. Alitumia karatasi iliyopakwa nta, ambayo ilihitaji kupokea mwanga kwa muda mrefu. Mtu aliyepita alififia pichani. Miungu iliyochongwa nguzoni ilitulia, ikadhihirika. Mwaka uliofuata gavana mpya, Charles Trevelyan, aliisimamisha kazi hiyo, akiihesabu kuwa anasa ya gharama kubwa. Leo kwa picha hizo twaziona nguzo zile kama zilivyokuwa zama za mababu zetu. Basi nasi, tunapoadhimisha mandiri yetu, tusihesabu kuwa anasa gharama ya kuzitunza picha za wazee waliotujengea.