Usiku Mtoto wa Rais Alipopotea Baharini: Wachunguzi Walikuta Nini?

Ijumaa ya Julai 16, 1999, saa 2:38 usiku, ndege ndogo ya injini moja aina ya Piper Saratoga iliruka kutoka kiwanja kimoja cha New Jersey, Marekani. Ndani walikuwa watu watatu tu. Rubani ni yule mtoto wa rais aliyepigwa risasi Dallas mwaka 1963, ambaye picha yake akiwa na miaka mitatu, akipiga saluti jeneza la baba yake, karibu kila mtu ameshaiona. Alikuwa na mkewe na shemeji yake. Mpango ulikuwa wamshushe shemeji kisiwa cha Martha's Vineyard, halafu wao waendelee mbele, kesho yake kuna harusi ya binamu.

Hawakufika.

Familia ile ilishazika watu wengi kwa vifo vya ghafla, kwa hiyo maneno hayakuchelewa: bomu, mkono wa mtu, laana ya ukoo. Mpaka leo stori hizo zinazunguka mtandaoni. Lakini NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilihitaji kwanza kuiona ndege yenyewe. Meli zikapitisha sona chini ya bahari siku kadhaa, na Julai 21 wapiga mbizi wa jeshi la majini wakaitoa miili yote mitatu, kina cha kama mita 35.

Kulikuwa na kifaa kidogo cha kunasa sauti ndani. Hapo kila mtu alitega sikio, lakini wapi! Kimepondeka, betri yake haipo, hakuna hata neno moja lililobaki.

Basi ikabidi vyuma viongee. Propela ilikuwa na alama za kuonyesha kwamba injini ilikuwa inafanya kazi mpaka ndege inagonga maji. Hakuna dalili ya moto angani, hakuna hitilafu iliyotangulia. Vipimo vya rubani navyo safi, si pombe wala dawa za kulevya.

Rada ndiyo iliyomaliza ubishi. Ndege ilikuwa futi 5,500, ikaanza kushuka ikielekea kisiwani, ikawa inapinda mara huku mara kule. Mwishoni ikalalia kulia na kuporomoka kwa kasi ya zaidi ya futi 4,700 kwa dakika.

Sasa mtu mzima, hajalewa, anaangushaje ndege nzima? Ndani ya sikio kuna majimaji yanayoupa ubongo habari za mwili kugeuka. Ndege ikipinda taratibu kwa muda, majimaji yale yanatulia na mwili unaamini kwamba uko sawa. Mchana macho yanakusahihisha. Usiku ule juu ya bahari kulikuwa na giza na utusitusi, mstari wa maji na anga hauonekani kabisa. Rubani mwingine aliyepita eneo lile jioni hiyo hiyo aliona giza tupu chini, akadhani labda kisiwa kizima kimekatika umeme.

Kwenye hali hiyo dawa ni kuamini vyombo vilivyo mbele yako na kuupuuza mwili wako, jambo ambalo lina mafunzo na kibali chake. Jamaa hakuwa nacho. Alikuwa na takribani saa 310 za kuruka, 55 kati ya hizo za usiku. Lakini kwenye ndege hii, usiku, bila mwalimu pembeni, hakuwa amefikisha hata saa moja.

Ripoti ilitoka Julai 2000: rubani alipoteza mwelekeo, akashindwa kuidhibiti ndege, na giza na utusitusi vikachangia.

Mguuni alikuwa ametolewa kiatu maalumu cha tiba siku moja tu kabla ya safari. Na siku yenyewe, mmoja wa walimu wake alijitolea waende wote. Akajibiwa kwamba anataka kuruka mwenyewe.